UZI: Miaka sita na oscar ndani ya nyumba, usidanganywe na yale macho

Pezi_Moja

Wakuu heshima kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo nimeamua kushusha uzi maana kila wiki naona mtu anauliza "oscar anamfaa anayeanza?" afu anajibiwa na watu watatu, mmoja anasema ndio, mmoja hapana, wa tatu anaweka picha ya samaki wake anaondoka. Mimi ninaye mmoja anaitwa Bosi, ana miaka sita na ushee, juzi nimempima kwa rula niliyoiegesha kwenye kioo ana sentimita 33 hivi. Makosa karibu yote anayofanyiwa huyu samaki nimeyafanya mwenyewe kwa mikono yangu, kwahiyo hapa sisimulii ya kusikia.

Kwa wasiomjua, oscar ni samaki wa bonde la mto Amazon kule Amerika Kusini, kitaalamu Astronotus ocellatus, ukoo mmoja na sato na perege ila huyu ni mla nyama. Ni samaki wa maji baridi, na hapo pia watu wanateleza, maji baridi maana yake yasiyo na chumvi, sio baridi ya kutetemeka, yeye anataka nyuzi joto 24 mpaka 28. Kwenye shina la mkia ana doa jeusi lenye pete ya rangi ya chungwa kama jicho, inasemekana linawachanganya piranha wanaopenda kung'ata mapezi, wanashindwa kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Akitunzwa vizuri anafika miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Yaani ukimnunua leo na mtoto wako yuko chekechea, mtoto anaweza kumaliza sekondari samaki bado yupo sebuleni.

Nilianza na wawili. Walikuwa kama kidole gumba, weusi wenye michirizi ya rangi ya maziwa, ukiwaona utasema hawa ni wa kuchezea. Aliyeniuzia akaniambia usiwe na wasi, samaki anakua kulingana na ukubwa wa tanki lake. Wakuu hiyo sentensi imeponza wengi. Ukweli ni kwamba kwenye tanki dogo maji yanachafuka upesi, samaki anadumaa kwa uchafu wake mwenyewe, na huko kudumaa ndio watu wanakuita "kukua kulingana na tanki". Ni kuugua taratibu. Basi mimi nikawaweka kwenye tanki la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, piga hesabu, lita 63 ukijaza mpaka ukingoni. Oscar mdogo anaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, kwahiyo mwezi wa nane walikuwa 18 na kitu na upana wa tanki ni 30 tu. Akitaka kugeuka anajikunja kama basi linalogeuza uchochoroni.

Lakini tanki nitalisema baadae, uzi huu ni wa CHAKULA, maana mengine yote kwangu yalianzia mdomoni.

Oscar anakujua. Ukiingia sebuleni anakufuata, ukienda kushoto na yeye kushoto, anatingisha mwili mzima kama mbwa aliyemuona mwenye nyumba. Usipomjali anachota kokoto mdomoni anaenda kuitema kwenye kioo, tok. Ukijifanya hujasikia, tok tena. Nyumbani tuko watano. Mimi nilikuwa nampa asubuhi kabla ya kutoka. Mama watoto anampa mchana kwasababu "alikuwa ananiangalia". Watoto wakirudi kila mmoja na mkono wake. Mgeni akija anaambiwa njoo uone anavyokula. Jioni narudi namkuta kwenye kioo na yale macho, najisemea maskini leo wamemsahau, nampa tena. Ikawa hakuna anayejua kala mara ngapi, na yeye hasemi, yeye siku zote hajala.

Siku moja kaa umwangalie kwa karibu anavyokula peleti, zile punje za chakula chake. Hang'ati, anafumbua mdomo ghafla na maji ya mbele yote yanavutwa ndani pamoja na peleti. Afu anatulia, unaona koo linafanya kazi, maana meno ya kusagia yako kooni, na wakati anasaga unatoka unga wa kahawia kwenye matamvua pande zote mbili kama moshi wa gari bovu. Ule unga hakuna anayeula. Unashuka kwenye kokoto, unaoza. Sasa zidisha na mikono mitano kwa siku.

Jumamosi moja nikaamka maji meupe kama yaliyooshewa mchele, wote wawili wako juu kabisa midomo inapiga uso wa maji, na Bosi ana vitundu viwili juu ya jicho kama mtu kamchoma na msumari...

Naendelea usiku, nimeitwa.

Mtulivu77

Aisee umekata pabaya. Nimeshaweka kigoda hapa.

shangazi_wa_samaki

"Yeye siku zote hajala" nimecheka mpaka machozi, kaka umenisema mimi na kambare wangu. Tiririka.

KijanaMpya

Wakuu samahani kwa kuingilia, mimi nna tanki la lita 100, naweza kuweka oscar mmoja afu nikaja kubadilisha akikua??

Pezi_Moja

Nimerudi. KijanaMpya nitakujibu humu humu.

Ile Jumamosi nilifanya kosa la pili juu ya la kwanza. Nikasema maji yamechafuka basi ngoja nioshe kila kitu, nikatoa sponji la filta nikalipeleka bombani nikalisugua likawa jeupe kama jipya, kokoto nikazisuuza, maji nikamwaga yote. Kwa macho tanki lilipendeza balaa. Siku tatu baadae hali mbaya kuliko mwanzo, na ndipo jamaa mmoja mzoefu akaja na vichupa vya kupimia maji, amonia ikasoma miligramu 2 kwa lita. Inatakiwa sifuri, yaani sifuri kabisa.

Nielezee kwa lugha ya kawaida. Chakula cha samaki mla nyama ni protini, akishaitumia mwilini taka yake ni amonia, na sehemu kubwa haitoki kwenye kinyesi, inatoka kwenye matamvua akiwa anapumua tu. Kwahiyo hata usipoona uchafu sumu ipo. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaoila hiyo amonia wanaigeuza nitraiti, ambayo nayo ni sumu, afu wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, hiyo ina nafuu na unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria kujenga ukoo wao kwenye tanki jipya inachukua kama wiki 4 mpaka 8. Mimi niliwaosha kwa maji ya bomba yenye klorini, nikawaua wote asubuhi moja, afu mchana nikampa samaki chakula ili "apate nguvu". Sponji unalikamua ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tanki, likitoka bado lina rangi ya chai wewe liache hivyohivyo ndio zuri.

Jamaa akanipa masharti mawili. Kila siku badilisha theluthi ya maji, yawe yametolewa klorini na joto lisipishane na la tanki. La pili, siku nne usimpe kitu.

Hilo la pili ndio lilileta kesi nyumbani. Mama watoto akasema unamtesa kiumbe wa watu. Mtoto wangu wa mwisho akalia. Nikawaambia oscar mzima aliyeshiba anakaa wiki nzima bila kula na hafi, hawakunielewa, na kwa kweli hata mimi sikuwa najielewa maana alikuwa pale kwenye kioo, tok, tok, na macho. Siku ya pili nikamfuma mtoto ana peleti mfukoni. Nikalihamishia kopo la chakula kabatini chumbani, juu ya nguo, funguo nikatembea nayo. Nguo zangu zilinuka samaki mwezi mzima lakini siku ya tano amonia ikasoma 0.25 na wiki ya pili yake sifuri.

Vitundu vya kichwani vilichukua miezi. Ule ugonjwa unashambulia kichwa na ule mstari wa ubavuni, na wataalamu hawajakubaliana sababu moja, wanataja maji machafu, lishe mbovu, na kijidudu kinaitwa Spironucleus kinachokaa tumboni. Kuna dawa inaitwa metronidazole hutumika, ila mwone daktari wa mifugo usijipimie mwenyewe. Kwangu maji safi na chakula kipya vilitosha, vitundu vikajifunika, kovu lipo mpaka leo, mgeni akiuliza nasema alizaliwa nalo.

Halafu jambo ambalo sikulijua, oscar hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, lazima aipate kwenye chakula, na vitamini C inapotea peleti zikikaa muda mrefu wazi au kwenye joto. Mimi nilikuwa nimenunua gunia kwasababu ya urahisi, la mwaka mzima. Sasa hivi nanunua kopo dogo, linaisha ndani ya miezi miwili.

KijanaMpya, lita 100 hapana. Hiyo ya "nitabadilisha akikua" ndio nilisema na mimi, na yeye anakua haraka kuliko mshahara. Oscar mmoja anza kufikiria kuanzia lita 280, wawili 450 kwenda mbele. La kwangu la sasa ni sentimita 120 kwa 60 kwa 60, lita 432. Usiangalie urefu tu, angalia upana wa mbele kwenda nyuma, ndipo anapogeukia. Na kabla ya kununua angalia sakafu na meza, lita moja ni kilo moja, ukijumlisha kioo na meza unaongelea zaidi ya nusu tani imekaa sehemu moja.

FundiVioo

Hapo kwenye uzito naongezea, mimi natengeneza haya matanki. Watu wanakuja wanataka lita 400 afu wanaliweka juu ya kabati la televisheni. Meza iwe ya chuma au mbao nzito, juu iwe sawa kabisa kwa pima maji, kati ya meza na tanki weka karatasi ya povu kama halina fremu, ikipinda milimita chache tu kioo kinabeba mzigo upande mmoja na siku kikipasuka hakikupi taarifa. Na mfuniko wakuu, mfuniko uwe na uzito au kufuli.

shangazi_wa_samaki

Mfuniko!!! Usinikumbushe. Mimi kabla ya kambare nilikuwa na arowana wa fedha, yule mrefu mwembamba kama upanga. Hawa kwao Amazon wanaruka nje ya maji kudaka wadudu kwenye matawi, na mimi nilikuwa najua, nimesoma, nimeweka mfuniko wa plastiki mwepesi. Usiku mmoja nasikia kishindo jikoni nikajua paka. Asubuhi namkuta chini ya meza amekauka upande mmoja na mfuniko uko pembeni kama kofia. Alikuwa ameshafika sentimita 55. Sijaweza kufuga arowana tena mpaka leo.

Pezi_Moja

Pole sana dada. Yule kuruka ni asili yake wala sio utundu. Bosi hajawahi kutoka nje ila kunirushia maji ananirushia, nikichelewa kufunga mfuniko anapiga mkia nalowa mpaka kifuani.

Simba_wa_Majini

Mimi nitapingana na mleta uzi kidogo. Hizi peleti ni kumfanya samaki kuku wa kisasa. Huyu ni mwindaji, mpe samaki hai akimbize, rangi inatoka, misuli inakaa. Mimi wa kwangu nampa samaki wa dhahabu wadogo kila Ijumaa na marafiki wanakuja kuangalia, yuko fiti mwaka wa pili huu.

Pezi_Moja

Mkuu Simba naheshimu ila hapo sikuungi. Kwanza oscar kwao hali samaki peke yake, anakula sana wadudu, kamba, konokono, na samaki wadogo anaowapata. Pili hao samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, ukimlisha hao kwa kufululiza unamnyima vitamini huku tumbo limejaa. Tatu wale wa kulishia wanakaa mamia kwenye beseni moja, kila ugonjwa na kila mdudu wa ngozi unauingiza mwenyewe kwenye tanki lako. Mwaka wa pili kwa samaki wa miaka kumi na tano ni bado asubuhi.

Nikitaka akimbize kitu nampa mnyoo wa ardhini niliouchimba sehemu isiyopigwa dawa, au kamba mbichi na ganda lake, au panzi, ila kama sijui alikotoka panzi huyo basi hapana. Nyama ya ng'ombe na moyo wake niliacha, mafuta ya mnyama wa nchi kavu mwili wa samaki hauyawezi vizuri, yanamganda kwenye ini.

Na niseme ukweli, ile Ijumaa yako na marafiki ni burudani ya marafiki. Usinune, nami nilikuwa hivyo hivyo.

Simba_wa_Majini

Sijanuna hahaha. Hiyo ya B1 sikuijua. Ila kukimbiza ntabaki na msimamo wangu, ntatumia panzi.

Mtulivu77

Mnyama wa kula chochote huyu. Niwape kisa changu kifupi. Nilimwekea oscar wangu kambare wa mapambo wale wadogo wa kusafisha chini, wanne, wana urefu wa kidole. Nilisema wana magamba magumu na miiba hawezi kuwagusa. Asubuhi wako watatu na oscar amefungua mdomo hafungi. Wale wakishikwa wanatanua mwiba wa mgongoni na wa mbavuni wanaufunga kama komeo, ukaingia kooni ukakaa. Nilijaribu kuutoa na koleo dogo, nikashindwa. Siku mbili tu. Kila kinachoingia mdomoni atakijaribu, na mdomo wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana ukifunga.

Pezi_Moja

Pole mkuu. Hiyo ndio sababu ukimwekea wenzake wawe wakubwa kama yeye na wasiwe wanyonge. Mimi nilimweka kambare mfyonzaji mmoja mkubwa, wale wenye mdomo wa kunata kwenye kioo, wanaheshimiana, ila na yeye anakunya kama ng'ombe kwahiyo usimlete ukidhani ni msafishaji.

Nilisahau kusema yule oscar wa pili alienda wapi. Wakifika ukubwa wakaanza kushikana midomo, wanavutana huku na huku kama watu wanagombea mlango, unaweza kudhani ni mapenzi na kuna wakati ni mapenzi kweli maana dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho. Kwangu ilikuwa vita. Mmoja akawa anaishi pembeni ya hita mapezi yameliwa. Nikampa jamaa mwenye tanki la lita 700.

KijanaMpya

Sawa nimeelewa oscar basi. Kuna mtu ananiuzia kambare mkia mwekundu yuko kama kalamu, mzuri ajabu, mweusi na tumbo jeupe na mkia mwekundu, huyo vipi kwa lita 280?

FundiVioo

Dogo tulia.

Pezi_Moja

Hahaha. Kijana huyo uliyeonyeshwa akikua anapita mita moja. Mita. Huyo anahitaji bwawa ndani ya nyumba yenye joto, sio tanki. Wanauzwa wadogo kwasababu wakiwa wadogo ndio wanauzika, na wakishakuwa wakubwa hata maakwariamu ya umma mengi hayawapokei, yameshaletewa wengi mno. Uliza swali moja tu kabla ya kununua samaki yeyote: akikoma kukua atakuwa na urefu gani. Muuzaji akikujibu "inategemea na tanki" chukua miguu yako.

Na tafadhali sana mtu asije akasema nikishindwa nitamwachia mtoni. Oscar walitoroka na kuachiwa kule Florida, Marekani, leo wamejaa kwenye mifereji yao wanazaana kama kwao. Na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kufundishwa, tunamjua sangara alipowekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 furu walikwisha aina kwa aina. Ukishindwa tafuta mwenye tanki kubwa, mrudishie muuzaji, tangaza humu bure.

Nahodha_Mstaafu

Vijana mnaandika vizuri. Mleta mada naomba uguse habari ya umeme ukikatika, maana mimi nilipoteza samaki si kwa kukatika bali kwa kurudi.

Pezi_Moja

Mzee wangu shikamoo. Hilo ni la maana na watu hawalijui kabisa.

Umeme ukikatika joto linashuka pole pole, lita 400 hazipoi kwa saa moja, unaweza kufunika tanki na blanketi. Hewa ndio ya haraka, kwahiyo nina pampu ndogo ya betri ya kupulizia mapovu, inawaka yenyewe. Chakula usimpe kabisa mpaka urudi, hata akutemee kokoto zote. Shida ni ile filta ya kopo iliyofungwa, maji ndani yake yamesimama, bakteria wameishiwa hewa wanaanza kufa na kuoza humo humo. Baada ya saa nyingi umeme unarudi wenyewe usiku umelala, filta inawaka, inamwaga ule uozo wote kwa samaki kwa mpigo. Nadhani ndicho kilichokupata mzee. Mimi ikikatika nachomoa filta ukutani kwanza, ukirudi naifungua, namwaga yaliyomo, nasuuza sponji kwa maji ya tanki ndipo nawasha.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Ndicho hicho hicho. Saa kumi na moja, nikakuta wote juu. Ahsante, sasa nimejua miaka minne baadae.

Pezi_Moja

Hita pia niliunguza moja. Bosi alikuwa analala akiiegemea, siku akaamua haitaki, akaipiga mpaka kioo chake kikapasuka ndani ya maji. Nilitia mkono sijachomoa waya, nikahisi mtetemo mpaka kwenye kiwiko. Sasa hita ina kizimba cha plastiki na sitii mkono kabla sijachomoa kila kitu, na soketi ina kikata umeme.

Pia vitu vya kupamba sahau. Nilimpandia majani, akayang'oa yote usiku mmoja akayapanga juu ya maji. Niliweka jiwe zuri kushoto, kesho yake liko kulia. Sasa ana mchanga, magogo mawili mazito na zile kokoto zake za kunipigia hodi basi.

shangazi_wa_samaki

Na ile tabia ya kulala ubavu? Wa jirani yangu walikaribia kumzika akiwa hai.

Pezi_Moja

Dada umenikumbusha. Mara ya kwanza nimembadilishia maji na kusogeza gogo, nikarudi baada ya dakika kumi nikamkuta amelala ubavu chini, rangi imefifia, jicho moja linaangalia dari. Nikaita nyumba nzima. Mama watoto akasema tayari, umemuua na masharti yako. Nikaleta kijiko cha wavu nimtoe, kugusa maji tu akainuka akaja mbio mdomo wazi akidhani ni chakula. Alikuwa amenuna. Oscar ananuna, ukibadilisha kitu chake analala hivyo nusu saa hadi siku nzima. Cha kuangalia ni matamvua, yakienda taratibu na sawa sawa amenuna, yakienda mbio au upande mmoja pima maji haraka.

Mtulivu77

Mkuu funga na ratiba yako ya sasa, tuikopi.

Pezi_Moja

Ratiba yangu ni hii, wa kwako anaweza kutofautiana. Akiwa mdogo mpe mara mbili kwa siku kidogo kidogo. Wa kwangu mtu mzima anakula mara moja asubuhi, peleti zinazoisha ndani ya dakika moja, mara mbili kwa wiki nabadilisha na kamba au minyoo, na Jumapili hali. Kila Jumamosi natoa asilimia 40 ya maji nikinyonya na mpira uchafu wa chini. Maji ya bomba nayawekea dawa ya kuondoa klorini, kuyalaza usiku kucha kunatoa klorini ya kawaida ila kama bomba lenu wanatia kloramini hiyo haiondoki kwa kulaza. Napima nitreti kabla ya kubadilisha, ikizidi miligramu 40 kwa lita najua kuna mtu kalisha kwa siri. Sio utani, ile namba imeshawahi kumtaja mtu nyumbani na akakiri.

Kwenye kioo kuna karatasi ya mwezi, anayelisha anaweka tiki na jina lake. Tiki moja kwa siku. Mtoto wa mwisho ndio mlinzi wa karatasi, ni mkali kuliko mimi, juzi bibi yake alikuja kutusalimia akanyoosha mkono kwenye kopo akaambiwa "bibi, tiki ishawekwa".

shangazi_wa_samaki

Hahaha bibi akasemaje?

Pezi_Moja

Bibi akasema lakini mbona ananiangalia.

Leo ni Jumapili wakuu, naandika hapa sebuleni yuko mbele yangu, ameanza saa moja asubuhi. Hii ni ya nne sasa. Tok.

FundiVioo

Mwambie kioo ni cha milimita 12, atachoka yeye.

Pezi_Moja

Hachoki.